Mtoto kapigwa CT scan mara mbili, mionzi imebaki mwilini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka minne alidondoka kwenye ngazi, akazimia kidogo halafu akawa anatapika tu, hospitali wakampiga CT scan ya kichwa usiku uleule na kesho yake wakarudia. Saa hizi yuko fiti anakimbia. Ila wifi yangu ananitisha eti mionzi inaleta kansa na bado imo mwilini, nisimlaze na mdogo wake mchanga. Kuna mtu anauza dawa ya kusafisha mionzi, ninunue? Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama. Walaze pamoja. CT scan inatumia eksirei, na eksirei ni kama mwanga wa taa, swichi ikizimwa hamna kinachobaki mwilini wala cha kuambukiza mdogo wake. Kwa hiyo hiyo dawa inasafisha nini sasa? Anasafisha mfuko wako tu.

Kwenye kansa wifi yako hajadanganya, ila kaongeza chumvi. CT scan moja ya kichwa cha mtoto ni kama milisiveti 2 hivi (hicho ni kipimo cha dozi ya mionzi), wakati kila mtu duniani anapata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye hewa tunayovuta, bila kwenda hospitali yoyote. Tatizo ni kwamba mtoto si mtu mzima mdogo, seli zake bado zinagawanyika kwa kasi, ana miaka mingi mbele ya madhara kujitokeza, na fundi akisahau kubadilisha setingi za mtu mzima basi kale kamwili kanakula dozi kubwa bure. Uingereza walifuatilia watu karibu 180,000 waliopigwa CT scan utotoni au ujanani, matokeo yakatoka 2012: kwenye kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 waliopigwa ya kichwa, ndani ya miaka 10 inayofuata anaongezeka kama mmoja wa kansa ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo. Ipo, lakini ni ndogo.

Sasa weka hiyo pembeni ya mtoto aliyezimia na kutapika, maana damu ikivujia kwenye ubongo unahesabu masaa. Ile ya kwanza hata mimi ningeiandika. Ya pili ndo ningeuliza kwa nini, kama ya kwanza ilionyesha tatizo, hapo sawa, ila kama ilikuwa safi na mtoto kaamka anacheza, mara nyingi inatosha kumwangalia tu wodini. Na wewe una haki ya kuuliza, usiogope koti jeupe! Siku nyingine akiandikiwa CT scan, uliza je altrasaundi au MRI haitoshi (hizo hazina mionzi hii, na kwa kidole tumbo altrasaundi ndo ya kuanza nayo), uliza pia mashine imesetiwa kwa saizi ya mtoto.

Kumpima kansa kila mwaka kwa sababu ya hizi mbili hakuna haja.

Halafu picha zake unazo? Kama hukupewa CD rudi ukaombe, maana watoto wengi wanarudiwa kipimo kisa tu hospitali mpya haijaona kile cha zamani.