Nyundo ya mbao inafunguka: nitumie gundi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mafinga, natengeneza nyundo za mbao za kugongea patasi. Mbao nene sipati, hivyo nagandisha vipande vitatu vya mkaratusi. Nimejaribu gundi nyeupe, kisha ipoksi ya dakika tano. Zote zinafunguka baada ya wiki mbili tatu. Kuna gundi inayonyumbuka ikigongwa?

JIBU: Marahaba. Kabla hujanunua kopo jingine, chukua nyundo iliyofunguka utazame ndani ya ungio. Ukikuta nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki upande wa pili, gundi ilishika, mbao ndiyo iliyoachia. Ukikuta uso laini unaong'aa, gundi haikushika kabisa. Na ukikuta weupe kama chaki, umeponzwa na baridi: gundi nyeupe ikikaukia kwenye joto la chini ya nyuzi 10 hivi hubaki unga. Usiku wa Juni na Julai huko kwenu banda lazima lishuke hapo. Ingiza ndani kopo, mbao na kazi yenyewe.

Ipoksi ya dakika tano sishangai imekuangusha. Mara nyingi ikikauka inakuwa kavu kama kioo, pigo likija inapasuka. Supagluu ndiyo kabisa. Gundi ya viatu nayo inanyumbuka kupita kiasi, vipande vitahama taratibu.

Mimi ningerudi kwenye gundi nyeupe, ila ile inayostahimili unyevu, yenye alama ya D3 kwenye kopo. Ina unyumbufu kiasi. Mbao za skateboard, zile za vijana kurukia ngazi, kwa kawaida ni tabaka 7 za maple zilizogandishwa kwa gundi ya jamii hiyo. Ukipenda ipoksi, tafuta ile ya kukauka polepole, na usiibane ukaikamua yote. Ya poliurethani hufura povu, na povu halina nguvu, kwa hiyo haikusamehei uwazi.

Mkaratusi ni mzito na mgumu kunywa gundi, tena ukiwa haujakauka vizuri utakupinda. Piga randa leo, gandisha leo. Nyuzi za vipande vyote zielekee upande mmoja, na uso wa kugongea uwe ule wa vichwa vya nyuzi, yaani pale mbao ilipokatwa kukingama. Bana kwa jiriwa mpaka gundi itoke pembeni vitone vidogo vidogo, kisha usiiguse mpaka kesho yake.

Halafu nina wasiwasi na kabari yako, ile ya kubana mpini ndani ya kichwa cha nyundo. Ikiwa unaipigilia mpini ukapanuka kuelekea kwenye vipande vya pembeni, wewe mwenyewe unavitenganisha, na kila pigo linakusaidia. Igeuze, mpini upanuke kuelekea nyuso za kugongea.