Windows na SteamOS kwenye Steam Deck moja

Umeuliza kama unaweza kuweka Windows kwenye Steam Deck, ile mashine ya magemu ya mkononi ya Valve, bila kufuta SteamOS, mfumo wa Linux unaokuja nayo, jibu ni ndio kabisa. Ile ni kompyuta kamili, na Valve wenyewe wameweka madrayva ya Windows (programu za kuifanya itambue vifaa vya mashine) bure kwenye tovuti yao.

Ila kabla hujagusa kitu angalia nafasi. Kama yako ni ya GB 64 tafadhali usiigawe diski, Windows 11 peke yake Microsoft wanataka GB 64, sasa SteamOS itakaa wapi? Weka Windows kwenye kadi ya microSD, itakuwa nzito kufunguka lakini SteamOS yako inabaki salama. Kuanzia GB 512 hapo gawa diski bila wasiwasi, tu hamisha kwanza save za magemu yako maana ukikosea patisheni (kipande cha diski) moja zimeenda.

Kuchagua uingie wapi: zima kabisa, shikilia kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza pawa, ukisikia mlio achia, inakuja menyu unachagua. Hii ikae kichwani, kwa sababu siku moja Windows itajiapdeti halafu ikijiweka ya kwanza utadhani SteamOS imefutika, mimi nilikaa usiku mzima nataka kuinstoo upya kumbe ipo palepale, ni kupita kwenye hiyo menyu tu.

Saa nayo ikionyesha vibaya ukihama mfumo usishtuke, SteamOS kwa kuwa ni Linux inaiweka kwa UTC (saa ya kimataifa) na Windows inaisoma kama saa ya hapo ulipo.