Wanachama wamekataa mwonekano mpya wa mtandao wetu: turudi nyuma au tusubiri wazoee?

Swali: Ndugu mtaalamu, ninasimamia mtandao mdogo wa kijamii wa wahitimu wa chuo kimoja nchini Tanzania, wenye wanachama elfu kadhaa, na wengi wao wanautumia kwa simu. Mwezi uliopita tulibadilisha ukurasa wa mwanzo. Machapisho ambayo zamani yalifuata muda sasa yanapangwa na mfumo kulingana na yale ambayo mwanachama huyasoma zaidi. Kitufe cha ujumbe kimeondolewa chini ya skrini na kuingizwa ndani ya menyu. Na rangi pamoja na ukubwa wa picha vimebadilika. Tangu hapo malalamiko hayajakoma, na limeundwa kundi linalodai mwonekano wa zamani urudishwe. Mkurugenzi wangu anasema watazoea, ilhali mtaalamu wetu wa programu anataka turudi nyuma. Je, ipo njia ya kitaalamu ya kujua nani yuko sahihi? Na je, tuwaruhusu wanachama kuchagua toleo la zamani?

Jibu: Ndugu msimamizi, wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu mmefanya mabadiliko matatu kwa mkupuo mmoja na kila badiliko linastahili hukumu yake. Malalamiko kuhusu rangi kwa kawaida hufifia baada ya wiki chache. Malalamiko kuhusu kitufe kilichofichwa nayo hupungua, lakini madhara yake hubaki, kwa kuwa mtu aliyechoka kukitafuta huacha kulalamika na huacha pia kukitumia. Malalamiko kuhusu mpangilio wa machapisho ni ya aina nyingine kabisa, kwani hapo mwanachama amenyang'anywa uamuzi aliokuwa nao. Ukubwa wa kelele peke yake hautakupa jibu. Kwa kila lalamiko, jiulize: ni jambo gani ambalo mtu huyu alilifanya bila shida kabla ya mabadiliko, na ambalo leo hawezi kulifanya au linamgharimu hatua nyingi zaidi?

Mfano unaopendwa na wakurugenzi wa "watazoea" ni ule wa Facebook wa mwaka 2006. Tarehe 5 Septemba mwaka huo, wakati mtandao huo ulikuwa bado haujafunguliwa kwa umma wote, ulianzisha News Feed, yaani orodha moja katika ukurasa wa mwanzo iliyokusanya yote yaliyofanywa na marafiki zako: nani amebadilisha picha, nani amepata rafiki mpya, nani ameachana na mchumba wake. Kabla ya siku hiyo ilikubidi uutembelee ukurasa wa kila rafiki ili ujue hayo. Hakuna taarifa mpya iliyofichuliwa. Waliokuwa na ruhusa ya kuiona jana ndio hao hao walioiona leo. Hata hivyo, ndani ya siku chache mamia ya maelfu ya watumiaji walijiunga na kundi la kuipinga, na kichekesho ni kwamba kundi hilo lilikua kwa kasi hiyo kwa kuwa News Feed yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwatangazia watu kwamba rafiki zao wamejiunga nalo. Mark Zuckerberg, mwanzilishi na mkuu wa Facebook, aliwaandikia kwanza akiwasihi watulie. Tarehe 8 Septemba akaandika tena, safari hii akiomba radhi kwa kutoieleza huduma hiyo vizuri na kwa kutowapa watu njia ya kuidhibiti, na mipangilio ya kuchagua ni matendo gani yatangazwe ikatolewa. News Feed ilibaki, na hadi leo ndiyo moyo wa mtandao huo.

Kisa hiki husimuliwa nusu tu: watu walipiga kelele, kisha wakazoea. Nusu inayoachwa ni ile ya siku tatu za katikati, ambamo kampuni ilitambua kwamba kilichopotea hakikuwa sura ya ukurasa bali ni ile faragha inayotokana na ugumu wa kutafuta; taarifa ambayo rafiki alipaswa kuifuata sasa ilikuwa ikimfuata yeye. Watu walizoea baada ya kurudishiwa udhibiti, nami sioni ushahidi kwamba wangezoea bila huo. Mnamo Novemba 2007 kampuni hiyo hiyo ilianzisha Beacon, iliyowatangazia marafiki mambo ambayo mtumiaji ameyafanya katika tovuti nyingine, yakiwemo manunuzi yake. Safari hii taarifa mpya zilikuwa zikivuja kweli, na ingawa radhi iliombwa mwezi uliofuata na mipangilio ikarekebishwa, huduma hiyo haikupona. Shauri lilifika mahakamani na Beacon ikafungwa mwaka 2009.

Digg, tovuti ambamo wanachama walizipigia habari kura, ni mfano wa upande wa pili, nao hauhitaji maelezo marefu. Tarehe 25 Agosti 2010 ilitoa toleo lake la nne, ambalo liliondoa kitufe cha kupigia habari kura ya kuikataa na kuviruhusu vyombo vya habari kuingiza habari zao moja kwa moja, hata wanachama waliokuwa wakiamua ni habari gani ifike ukurasa wa mbele wakajikuta watazamaji. Seva nazo zilikuwa zikianguka kila mara. Siku chache baadaye wanachama waliujaza ukurasa huo wa mbele viungo vinavyoelekeza Reddit, mshindani aliyekuwa jirani na wazi, kisha wengi wakahamia huko moja kwa moja. Mwaka 2012 Digg iliuzwa kwa sehemu ndogo sana ya thamani iliyowahi kutajwa. Wanachama wako nao wanapo pa kwenda: kila darasa la wahitimu hapa nchini lina kundi la WhatsApp.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi la vipimo ni Snapchat, programu ya simu ya kutumiana picha na ujumbe. Mapema mwaka 2018 iliwafikishia watumiaji wengi mwonekano uliotenganisha marafiki upande mmoja na watu mashuhuri pamoja na vyombo vya habari upande mwingine, huku hadithi za marafiki (picha na video wanazozionyesha kwa muda mfupi) zikichanganywa na mazungumzo. Ombi la mtandaoni la kuurudisha mwonekano wa zamani lilikusanya sahihi zaidi ya milioni 1.2. Sahihi hazikuwa hoja. Hoja ilikuja katika hesabu za kampuni, ambapo watumiaji wa kila siku walishuka kutoka milioni 191 katika robo ya kwanza ya mwaka hadi milioni 188 katika robo ya pili, na mkuu wa kampuni, Evan Spiegel, akakiri kwamba sababu kuu ilikuwa usumbufu wa mwonekano mpya. Hesabu zilipopanda tena mwaka 2019, kampuni ilikuwa tayari imerekebisha sehemu ya mpangilio huo na pia imeijenga upya programu ya simu za Android. Basi anayedai kwamba watumiaji hatimaye walizoea hana namna ya kulithibitisha hilo, kwa sababu mambo mengi yalibadilika pamoja. Nanyi mko katika tatizo hilo hilo.

Sasa nije kwenye vipimo. Kipimo cha kwanza, ambacho ni rahisi na hupuuzwa mno, ni kuwatenganisha wanachama wa zamani na wale waliojiunga baada ya mabadiliko. Mwanachama wa zamani ni kama mtu aliyeamka usiku na kukuta swichi ya taa imehamishiwa ukuta mwingine: hata kama mahali papya ni bora, mkono wake utapapasa pale pa zamani kwa muda. Mwanachama mpya hana mazoea hayo. Ikiwa wapya wanaupata ujumbe na kuujibu kwa urahisi ilhali wa zamani wanahangaika, tatizo ni mazoea na muda utalitatua. Ikiwa hata wapya hawakioni kitufe, muundo wenyewe una kasoro na kungoja hakutasaidia. Kumbukumbu za seva yenu zina majibu hayo tayari, bila kumwuliza mtu yeyote.

Kipimo cha pili ni muda. Takwimu za wiki ya kwanza hudanganya kwa pande zote mbili, kwani wengine hususa kwa hasira na wengine hubofya kila kitu kwa udadisi. Twitter ilipobadilisha kitufe chake cha kupenda chapisho kutoka nyota kuwa moyo mnamo Novemba 2015, ilitangaza kwamba katika wiki ya kwanza matumizi ya kitufe hicho yalipanda kwa asilimia 6. Huenda ongezeko hilo lilikuwa la kweli, lakini wiki moja haiwezi kutofautisha upendeleo na upya wa kitu. Ningekushauri uangalie mstari wa wiki sita hadi nane, na ndani yake ufuatilie matendo ambayo ndiyo sababu ya mtandao wenu kuwepo, yaani ujumbe unaotumwa na kujibiwa, maoni yanayoandikwa, na wanachama wanaorudi wiki inayofuata. Muda ambao mtu anakaa kwenye ukurasa uuweke kando, maana anayetafuta kitufe kilichopotea naye hukaa muda mrefu.

Mkitaka kufanya jaribio la kulinganisha matoleo mawili, msiwagawe wanachama mmoja mmoja kwa bahati nasibu kama wafanyavyo wenye maduka ya mtandaoni. Katika mtandao wa kijamii tabia ya mtu mmoja humgusa rafiki yake: nikiacha kutuma ujumbe kwa sababu kitufe changu kimefichwa, wewe uliye kwenye toleo la zamani nawe utapokea ujumbe pungufu, na tofauti kati ya makundi itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Wagaweni kwa mwaka wa kuhitimu, kwa kuwa huko ndiko urafiki ulipo, na mhakikishe kila upande una miaka ya zamani na ya karibuni.

Kuhusu mabadiliko yenu yenyewe, rangi ziacheni. Kitufe cha ujumbe kirudisheni chini ya skrini wiki hii hii, wala msisubiri takwimu, kwani katika mtandao wa watu wanaofahamiana ujumbe ndio kazi kuu, na katika simu kitu kilicho ndani ya menyu hutumiwa na wachache. Picha kubwa zinahitaji uchunguzi wa tofauti: pimeni uzito wa ukurasa wa mwanzo kabla na baada ya mabadiliko, kwa simu ya bei nafuu na kwa mtandao wa simu, si kwa intaneti ya ofisini. Inawezekana baadhi ya wanaosema "mwonekano mpya ni mbaya" wanamaanisha kwamba bando linaisha mapema, na hilo halihusiani na ladha hata kidogo. Mpangilio wa machapisho mrudishieni mwanachama auchague mwenyewe. Instagram iliacha kufuata muda mwaka 2016, ikavumilia miaka ya manung'uniko, na Machi 2022 ikarudisha njia ya kuona machapisho kwa kufuata muda kama chaguo. Fanyeni hivyo mapema, na chaguo la mtu likumbukwe anapofungua tena. Mfumo unaomrudisha kila mara kwenye mpangilio msioutaka auache ni udanganyifu, na wanachama huutambua.

Toleo zima la zamani ni suala jingine. Reddit ilibadilisha mwonekano wake mwaka 2018 na ikaacha anwani ya mwonekano wa zamani ikifanya kazi, lakini ile ni kampuni yenye wahandisi wengi, ilhali kwenu kila kipengele kipya kitapaswa kuandikwa na kujaribiwa mara mbili na mtu yule yule. Mkiliacha, liwekeeni tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza na muitangaze. Kila anayechagua kurudi huko aulizwe swali moja tu, nalo ni kile alichoshindwa kukifanya katika toleo jipya, kisha majibu hayo yasomwe na mkurugenzi pamoja na mtaalamu wako wakiwa meza moja, kabla ya toleo linalofuata kuandikwa.