Mjenzi mpime kwa nyumba alizokwisha kuuza

Dada, umeuliza utamjuaje mjenzi wa kuaminika kabla ya kununua nyumba mpya anayokuuzia. Usianzie kwenye nyumba ya maonyesho. Hiyo imepambwa ikuvutie. Mwombe akutajie nyumba alizokabidhi miaka 3 au 5 iliyopita, kisha nenda ukapige hodi mwenyewe. Waulize wanaoishi humo: mvua ikinyesha, dari inavuja? Walipomwita arekebishe, alikuja au alizima simu? Hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi, maana kasoro hazikosi hata kwa fundi mzuri.

Kwenye nyumba yenyewe, mwaga ndoo ya maji bafuni uangalie yanakoelekea. Yakituama konani badala ya kufuata tundu, sakafu haina mteremko. Gongagonga vigae kwa sarafu. Chenye mlio wa kitu kitupu hakikushika vizuri. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikutishe sana, ila ukiona unaopanda kimshazari kutoka pembe ya dirisha huku ukipanuka, mwite mhandisi wako, si wake.

Ahadi ya matengenezo iandikwe kwenye mkataba pamoja na muda wake. Na tafadhali, usimalize kulipa kabla hajarekebisha kasoro mlizoorodhesha pamoja.