Jibu: Simbakubwa alitambuliwaje kwa taya na meno tu?

Ndugu, umeuliza wanasayansi walijuaje kuwa Simbakubwa, mnyama mkubwa mla nyama aliyetoweka zamani, ambaye mabaki yake yalipatikana Meswa Bridge, Kenya, hakuwa wa jamii ya simba, ilhali walikuwa na mataya na mifupa michache tu. Jibu limo kinywani mwake.

Simba, fisi, mbwa na jamaa zao wote wana jozi moja tu ya meno ya kukatia nyama kila upande: gego la mbele la juu linalosuguana na gego la chini kama mkasi. Magego yaliyo nyuma ya hapo hupungua au hupotea kabisa. Simbakubwa alikuwa na jozi tatu kila upande, zikipangana hadi nyuma ya taya. Mpangilio huo ni wa haienodonti, kundi la wanyama walao nyama lililotoweka bila kuacha kizazi. Hata kipande kidogo cha taya chenye magego mawili kingetosha kuamsha shaka.

Meno yake yalikuwa hayajalika sana, kwa hiyo alikufa akiwa bado kijana.

Uzito ndio mgumu. Makadirio huanzia karibu kilo 280 hadi zaidi ya 1,300, kutegemea unamlinganisha na mnyama gani, kwa hiyo usikubali picha zinazotaja namba moja kwa uhakika.

Kinachonifurahisha zaidi: mabaki hayo, ya miaka milioni 22 hivi, yalikaa miongo kadhaa kwenye droo za makumbusho Nairobi, hadi wanasayansi wa visukuku Matthew Borths na Nancy Stevens walipoyaeleza mwaka 2019.