Mzee wa kanisa na bastola: je, Luka 22 inaruhusu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa, nafanya biashara ya mahindi soko la Kibaigwa. Msimu ukichanganya nalala na hela nyingi ndani. Juzi jirani yangu alivamiwa usiku, akakatwa mapanga, hela zikaenda. Nataka kuomba leseni ya bastola. Mke wangu anasema ni dhambi. Mimi namwonyesha Luka 22:36, Yesu mwenyewe alisema asiye na upanga akanunue. Nani yuko sahihi? Na je, nitaendelea na uzee wa kanisa?

JIBU: Amina, mzee wangu. Poleni sana kwa yaliyompata jirani. Mama yuko karibu na Maandiko kuliko wewe, ingawa kuomba leseni peke yake siwezi kukuita dhambi.

Tuanze na Luka 22, maana ndiyo ngome yako. Usiishie mstari wa 36. Katika wa 37 Bwana anatoa sababu: andiko la Isaya litimie, ahesabiwe pamoja na wahalifu. Katika wa 38 wanafunzi wanasema zipo panga mbili, naye anajibu, "Basi." Panga mbili kwa wanaume kumi na mmoja! Kama huo ulikuwa mpango wa ulinzi, hautoshi hata kulinda ghala moja hapo sokoni kwenu. Na usiku uleule upanga mmoja ukatumika: Petro akamkata Malko sikio. Bwana akaliponya sikio la adui, akamwambia Petro, "Rudisha upanga wako mahali pake" (Mathayo 26:52). Anayesimama kwenye mstari wa 36 lazima aeleze kwa nini upanga huo, ulipotumika mara moja tu, ulikemewa.

Wazee wetu wa kale walilisoma hivyo. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika Kaskazini, karibu na mwaka 200, aliandika kwamba Bwana alipomvua Petro upanga alimvua kila askari. Askofu Augustino, naye wa Afrika Kaskazini, alikubali kuwa kuna vita vya haki, lakini alipoulizwa kwa barua na mtu aitwaye Publicola kuhusu Mkristo kuua ili asiuawe, hakuipenda rai hiyo, isipokuwa kwa askari au mtu mwenye dhamana ya kulinda wengine. Ni mwanateolojia Tomaso wa Akwino, karne ya 13, aliyefungua mlango: ujitetee kwa nguvu ya kiasi, na kumuua mvamizi kusiwe ndiyo nia yako. Makanisa mengi yamesimama hapo hadi leo. Ndugu zetu Wamennonite, kanisa linalokataa silaha, ambao hapa nchini walianzia Shirati mkoani Mara mwaka 1934, wamebaki karibu na Tertuliani. Mimi ni Mwanglikana, lakini katika hili wananivuta.

Sasa fungua Kutoka 22:2-3. Mwizi akivunja nyumba usiku akapigwa akafa, hakuna hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, hatia ipo. Torati hiyohiyo ya jicho kwa jicho inakataa uhai wa mtu ulipie mali. Soma tena barua yako, mzee wangu. Umetaja hela mara mbili. Mke umemtaja kwa sababu mnabishana, na watoto hukuwataja kabisa.

Kwa hiyo kwanza ondoa hela nyumbani. Peleka benki au kwa wakala kabla ya giza, lipana na wakulima kwa simu, na usimwambie dereva wala kibarua siku unayolipwa. Wavamizi hufuata fununu. Hela zikitoka, sehemu kubwa ya swali lako imetoka nazo.

Utasema, wakija hata hivyo na kumshika mwanangu? Mzazi anayemzuia mtu mwenye panga, hata kwa rungu, simhukumu. Ila bastola chini ya mto, mkononi mwa mtu aliyekurupuka usingizini gizani, haichagui kati ya mwizi na kijana wako anayerudi kutoka chooni. Ungeniuliza ningefanya nini, nisingeinunua. (Mwenye gobole la kufukuza nguruwe pori shambani, akiwa na kibali, swali hili halimhusu.)

Na tusijidanganye kwamba mikono ni safi kwa kuwa hatuna bastola. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali" wamemuua kibaka kwa mawe. Baadhi yao Jumapili huwa wako kwaya. Kwa hilo sina nafasi ya kujadili: ni mauaji.

Kuhusu uzee wa kanisa, leseni halali haikuondoi. Lakini mwambie mchungaji wako kabla fomu haijafika serikali ya kijiji, asije akazisikia habari hizo sokoni. Ukiipata, ibadani usije nayo.