Kabla hujaiambia Postgres ikuletee bainari, soma hapa kwanza

Wakuu, hii kitu ilinitoa jasho nikaona bora niiandike, maana najua kuna kijana saa hizi yuko mbioni kurudia kosa langu.

Nilikuwa natengeneza programu ya ghala moja la mkonge hapa Tanga, databesi PostgreSQL, programu naandika kwa C. Nikasikia eti data ikija kwa bainari, yaani baiti ghafi, ina spidi kuliko ikija kwa maandishi, basi kwenye PQexecParams, ile fanksheni ya C ya kutuma maombi kwa Postgres, pale mwisho nikaweka 1 (bainari) badala ya 0 (maandishi), nikajiona fundi. Siku ya kuonyesha kazi mzee mwenye ghala akavaa miwani, akasoma, akaniuliza taratibu tu, "Mwanangu, haya marobota milioni themanini na tatu umeyalaza chumba gani?"

Yalikuwa marobota 5.

Kumbe Postgres inatuma namba kwa mpangilio wa mtandao, baiti kubwa inatangulia, na laptopu zetu hizi za Intel zinasoma kinyume, kwahiyo 5 inageuka 83886080. Nilisahau ntohl, fanksheni ya kuugeuza huo mpangilio, basi. Tarehe nazo vioja, mzigo wa 2024 ukasomeka wa 1994, kwasababu wenzetu wanahesabu kuanzia tarehe 1/1/2000 na mimi nikaanzia 1970 kama nilivyozoea. Nilikesha siku mbili, na umeme wenyewe ndo hivyo mnaujua.

Ushauri wangu: anza na maandishi. Ukitumia PQexec ya kawaida ndo unayoletewa, unaiprinti unaona kilichokuja, na hiyo 5 inakula baiti 1 tu wakati int4 (namba nzima ya kawaida) ya bainari ni baiti 4 hata iwe sifuri, kwahiyo hata habari ya kuokoa bando sio kila mara. Pesa ndo usiguse kabisa, numeric (aina ya namba zenye desimali) kwa bainari inakuja imekatwa vipande vya tarakimu nne nne uviunge mwenyewe na ujue nukta inakaa wapi, ya nini yote hayo?

Bainari nimeibakiza kwenye picha za risiti za mizani. Zimekaa kwenye bytea, aina ya kolamu ya kuweka baiti ghafi, na bytea ukiileta kwa maandishi kila baiti inakuwa herufi mbili, picha ya MB 2 inasafiri kama MB 4, hapo bainari inalipa kweli. Ila PQexecParams inageuza kolamu zote kwa mpigo, huwezi kuchagua moja, ndo maana picha nimezitenga kwenye kwea (ombi la data) yao peke yao, inavuta picha tu, namba ya risiti ninayo tayari.